Masele Amevuliwa Mkanda

Ngokolo,
Shinyanga.
20 Agosti 2025

Kaka yangu mpendwa Charles,

Shikamoo kaka. Habari za siku nyingi, na mgongo wako unaendeleaje na joto la Masasi? Wifi yangu Mama Ritha hajambo? Ritha mwenyewe nasikia amekuwa mrefu kumpita mama yake, tena anakataa kuosha vyombo. Mwambieni kwamba shangazi yake amesikia.

Sisi huku mhola, yaani salama, kama wanavyosema wazee wetu. Mama anakula vizuri, ila goti bado linamsumbua asubuhi. Baba Eliya yuko Kahama kwenye biashara yake ya mpunga. Eliya anamaliza ugali kana kwamba ameajiriwa kuumaliza. Cherehani yangu nzima, na wateja wapo, namshukuru Mungu.

Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunikatiza. Nikifika katikati ya habari unaniambia, "Dorah, sema jambo." Barua haina wa kuikatiza, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni hili: mdogo wetu Masele amevuliwa mkanda. Ilikuwa Katoro, Jumamosi ile baada ya Nanenane, na aliyeuchukua ni kijana mmoja anaitwa Ndaki. Najua umeshaanza kuhesabu. Krismasi ulipokuja, Masele alikuahidi mbele ya Mama kwamba siku akivuliwa ubingwa ataacha mieleka na kuja kwako kufanya kazi kwenye ghala la korosho. Ahadi ni deni, na yeye hajasahau. Lakini kabla hujamtengea kitanda nataka uelewe alichokuwa nacho, maana mara ya mwisho ulinijibu vibaya. Ulisema, "Ubingwa gani wa kupangiwa na tajiri? Hayo ni maigizo."

Ni kweli kwamba hupangwa. Mimi ndiye ninayewashonea nguo, sina cha kuficha. Kabla ya onyesho Bwana George, mwenye kikundi, hukaa na wapiganaji akawaambia nani atashinda. Watazamaji nao wanajua. Wale wachimbaji wa Katoro wanaijua dhahabu kwa kuitupia jicho tu. Hakuna hata mmoja anayedhani bamba la ule mkanda ni dhahabu, wanaona wazi kuwa ni shaba. Bado mapigano yakiisha wanasukumana waushike, na mikono yao imejaa vumbi la karasha, zile mashine za kusaga mawe.

Halafu nikuulize, kaka, tulivyosimuliwa sisi, ntemi alipigana na nani ili atawale? Walikaa watu wachache wakamchagua, wakamsimika, basi. Hakuna aliyesema ni maigizo. Watu walisubiri kuona kama mvua itanyesha, na ikigoma walimwondoa. Kwa hiyo kupewa si tatizo, tatizo ni utakifanyia nini ulichopewa.

Sikatai kwamba kuna wakati ule mkanda ulikuwa takataka. Bwana George aliingiwa na tamaa, akatengeneza mikanda mitatu, wa Dhahabu, wa Ziwa na mwingine ambao hata mwenyewe alisahau jina lake. Kila onyesho la siku ya mnada bingwa mpya. Ukienda kununua nyanya ukirudi bingwa ni mwingine. Watu wakaacha hata kuuliza nani ameshinda, wakawa wanakuja kwa ajili ya muziki na mishikaki. Wakati huo ungeniuliza kama ubingwa una maana, ningekujibu kama ulivyonijibu wewe.

Kisha mkanda mkubwa akapewa Masele, na akakaa nao miaka miwili. Alimwambia Bwana George kwa heshima zote kwamba kama anataka watu wauheshimu, aache kuugawa kama pipi. Sijui alipata wapi huo ujasiri, maana nyumbani hata kuku humkimbiza.

Ungemwona, kaka. Bingwa huyu ndiye alikuwa wa kwanza kufika uwanjani, anakagua mbao za ulingo moja moja, anavuta kamba, anaangalia kama sponji limekaa sawa. Ushetu walikwenda msimu wa tumbaku, watu wana hela, uwanja ukajaa. Mwaka uliofuata mvua ikanyesha wakabaki watu wa kuhesabika, wamejifunika mifuko ya mbolea. Akapigana vilevile. Nkome huenda mbalamwezi ikiwa kali, kwa sababu wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, na wale jamaa wana kelele na matusi kuliko wote. Masele amewatuliza hata wao.

Ila kazi yenyewe hasa watu hawaioni. Mgumu si yule anayemnyanyua mwenzake, ni yule anayekubali kunyanyuliwa. Mwenzio akikurusha lazima umwamini, na wewe uanguke kwa namna ambayo yeye ataonekana ana nguvu na hakuna atakayeumia. Masele ndiye alikuwa anaanguka kwa kishindo kuliko wote. Kila aliyepigana naye alitoka pale amekuwa mtu, hata kama ameshindwa. Ukubwa ni jalala, kaka, na yule mtoto aliubeba bila kunung'unika. Mara ngapi nimemkanda mgongo kwa maji ya moto, nikimtukana, naye anacheka.

Nikupe jingine. Mwezi wa tatu duara moja, yaani shimo la dhahabu, kule machimboni lilititia likamfukia kijana aliyeitwa Masalu. Alikuwa hakosi onyesho. Masele akaenda msibani kama jirani yeyote, na shati lake la kanisani. Mama wa marehemu akamwita pembeni, akamuuliza mkanda uko wapi. Akasema ameuacha nyumbani, si mahali pake. Yule mama akamwambia, "Nenda kaulete. Mwanangu ataondoka na bingwa wake." Wakauweka juu ya jeneza mpaka makaburini, Masele akiwa ameshika upande wa mbele. Mchungaji alikohoa kidogo, halafu akaendelea na sala. Mimi nilikuwepo, kaka, na nililia mpaka kitenge kikalowa. Ile shaba ilikuwa na maana siku ile, nani angemwambia yule mama kwamba imepangwa?

Sasa nije kwenye kuvuliwa. Bwana George alimwita akamwambia kuna mfadhili, muuza pampu za maji, anataka sura mpya. Ndaki ana kifua, ana meno mazuri, na wasichana wanarusha picha zake kwenye simu zao. Masele hakubishana. Aliomba tu apewe mwezi mmoja afanye mazoezi na Ndaki, maana kijana alikuwa mgeni. Akajibiwa, "Jumamosi hii."

Nilimpeleka Mama Katoro ili ashuhudie mwenyewe. Hatukumwambia kitu. Mama ndiye mtu pekee uwanja mzima anayeamini kila ngumi, na hatuna mpango wa kumrekebisha. Walipigana vizuri, kwa kweli Masele alimbeba Ndaki kama mwalimu anavyomshika mtoto mkono kwenye ubao. Akaanguka, mabega chini, refa akahesabu mpaka tatu, na Ndaki akanyanyua mkanda juu.

Hapo watu wakafanya jambo ambalo sikulitarajia. Unakumbuka mashindano ya ngoma kwetu, Bagika wanacheza huku na Bagalu kule, na mshindi anajulikana kwa miguu ya watazamaji, ni wale ambao watu wanahamia kwao? Ndivyo walivyofanya. Hakuna aliyewaambia. Wakaanza kutoka upande wa Ndaki, kina mama na watoto mgongoni, wachimbaji, wauza karanga, wakahamia wote kwenye kona ya Masele. Upande wa pili ikabaki mchanga na viti vya plastiki. Ndaki amesimama na mkanda wake juu, hana hata mtu wa kumwonyesha. Mama naye akaona haitoshi, akavua kandambili akamrushia. Ikampata begani, na siyo maigizo.

Kaka, pale Masele angeweza kukaa tu. Angenyoosha mikono, watu wangembeba, na ule mkanda ungekufa siku hiyohiyo mikononi mwa Ndaki. Nakiri nilitaka afanye hivyo. Nilikuwa na hasira.

Alinyanyuka akavuka ulingo mpaka mbele ya yule kijana. Akainama, akapiga makofi taratibu kama wazee walivyokuwa wanamwamkia ntemi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Shikamoo, bingwa."

Fikiria mtu wa miaka thelathini na mitano anampa shikamoo kijana ambaye juzijuzi alikuwa anamtuma maji. Nilisikia wanawake waliokuwa nyuma yangu wakishusha pumzi. Mimi kwanza niliona aibu, uso ukawaka. Ndaki akatazama huku na huku, ungedhani anatafuta mlango. Masele hakuinuka. Akabaki ameinama mpaka kijana akajibu, kwa sauti ndogo, "Marahaba."

Hapo ndipo Masele akasimama, akamshika mkono akaunyanyua. Mzee mmoja wa karasha akatoka kwenye kundi letu akarudi upande wa pili, akavuta kiti akakaa. Akafuata mwingine. Hawakurudi wote, lakini walirudi wa kutosha. Aibu yangu ikaniisha, nikaona fahari ambayo sikuwahi kuiona hata siku alipopewa ule mkanda. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, huwa tunasema. Huyu wetu alivuliwa akasimama akamvisha mwenzake.

Tulilala kwa Masele, palepale Katoro. Asubuhi Ndaki akaja na kandambili ya Mama, ameiosha. Mama aliipokea, akamwambia kwa Kisukuma akae ale. Ndaki alipomaliza viazi vyake akamgeukia Masele. "Kaka, huu mkanda nimepewa na Bwana George, lakini watu hawajanipa. Bila wewe hawatanipa. Baki uwe mpinzani wangu msimu huu, Ushetu na Nkome. Wale wengine wakinirusha naogopa. Wewe ukinirusha siogopi."

Masele alikusanya sahani. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe, chai ikapoa. Akamjibu, "Nimeshamwahidi kaka yangu." Akaondoka kwenda kukata tikiti ya basi.

Ndiyo maana nakuandikia. Yeye hatakuomba umfungue kwenye ile ahadi. Unamjua, atakuja Masasi, atabeba magunia yako kwa adabu, na hutamsikia akilalamika. Mama naye hatakuambia, kwa sababu anaogopa kuonekana anapendelea kitinda mimba. Nimebaki mimi. Najua ghala lina mshahara wa kila mwezi na mieleka haina, na najua unamtakia mema. Lakini pale Katoro kuna kazi ambayo wewe na mimi hatuiwezi, na mtu aliyeianza hajaimaliza. Mwachie, kaka. Au kama huwezi kumwachia, basi njoo umwone akipigana mara moja tu, halafu umchukue.

Wifi yangu umsalimie sana, mwambie vitenge alivyotuma vilifika na kimoja kimeibiwa na Mama. Msalimie Ritha na shemeji yetu Hosiana, na mzee Donatus wa pale jirani yenu ambaye kila simu huulizia mchele wa Shinyanga. Utakuja, mwambieni avute subira. Baba Eliya na Eliya wanakusalimu, Mama anakubariki na kukukumbusha kufunga mgongo unapoinua mizigo.

Nimalizie na hili. Jana Masele alipita hapa Ngokolo kuaga. Akaniachia bukta yake nyekundu ya ulingoni, ile ya siku kubwa, akaniomba niirekebishe imtoshe Ndaki. Yule kijana ana mapaja makubwa, kwa hiyo lazima niifumue mishono yote na kuongeza kitambaa. Nikishaifumua haitamkaa Masele tena. Imelala juu ya cherehani na wembe uko pembeni yake. Sijaigusa. Basi linaondoka Jumatano ijayo.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe moyo mwepesi utakapofika mwisho wa barua hii.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ninayesubiri neno lako,

Dorah