Ndoa ya Binti Mvua

Jumatatu, 4 Machi 1974

Dukani tangu asubuhi. Nimepima vitambaa mpaka mkono umekufa ganzi. Mama mmoja kutoka Dagoretti Corner hakutaka kitambaa, alikuja kunitazama tu. "Si ndiye Binti Mvua? Ulimwachaje yule kijana, wewe?" Mwaka mzima sasa. Kila aliyeiona filamu yetu ananidai mwisho mwingine. Msichana anashuka na mvua, anampenda karani, mvua ikikatika anatoweka. Sinema nzima ililia, kisha ikatukana.

Leo Njoroge, mwongozaji wetu, kapita mbio mbio. Sehemu ya pili tunaanza Jumamosi. Na Binti Mvua anaolewa! Nimeruka, mkasi ukaanguka. Tajiri wangu kakunja uso. Akunje tu.

Jumamosi, 9 Machi

Muthangari, bustani ya nyumba moja kubwa. Mawingu hakuna. Mvua yetu ni mpira wa kumwagilia maua, na Njoroge mwenyewe kaushika, kapanda ngazi. Maji baridi, loo! Meno yanagongana na natakiwa nimtazame mtu kwa mahaba. Mtu mwenyewe Twalib, fundi saa wa River Road, yule yule karani wetu. Alikula kachumbari kisha akaja kuninong'oneza maneno ya mapenzi. Nimemwambia akatafune karafuu. Kacheka. Anacheka ovyo huyu.

Siku tamu kuliko zote mwaka huu.

Jumapili, 17 Machi

Harusi tumeipiga! Njoroge si Mwislamu, lakini alitaka harusi ya kweli kabisa, isiwe ya kubahatisha. Nikamletea kila kitu. Maalim Shee wa chuo chetu cha Kurani awe shehe. Wazee wawili wa msikitini wawe mashahidi. Na Ami Athumani, ndugu yake baba, aliyenilea tangu baba afariki, awe baba wa binti. Ami hajawahi kusimama mbele ya kamera. Jasho lilimtoka chapachapa.

Kwanza Ami aliniuliza kama naridhia kuozwa. Nikainamisha kichwa, nikanyamaza, kama ilivyoandikwa, maana kwetu mwali akinyamaza ndiyo keshakubali. Kisha akamshika Twalib mkono. Badala ya "nimekuoza Binti Mvua," akasema, "Nimekuoza Rukia binti Omari." Jina langu! Na Twalib, bila kusita: "Nimekubali kumuoa Rukia binti Omari."

"Safi sana! Hiyo imeingia!" Njoroge akapiga makofi. Angejulia wapi? Maalim alibaki mdomo wazi.

Jumatatu, 18 Machi

Mama hanisemeshi. Maalim kamwambia ndoa haina mzaha. Walii wangu halisi, mwenye haki ya kuniozesha, mashahidi wawili, jina langu, na mtu kakubali. Huenda mimi ni mke wa mtu! Nilicheka. Mama akanirushia mwiko. Nisiende kupigwa picha tena mpaka Maalim aulize wenzake.

Njoroge kaja jioni, kofia mkononi. "Mama, hiyo ilikuwa mchezo tu. Hii filamu ikikwama hapa, mimi nimekwisha." Mikanda iliyobaki haitoshi kurudia. Mama kampa chai, jibu hakumpa. Roho yangu iko juu juu.

Alhamisi, 21 Machi

Twalib kaja dukani. Nimemuuliza, kwa nini hukutaja jina la mchezo? Katazama chini. "Nilisikia jina lako, nikaona nijibu hilo hilo."

Alijua! Ami aliteleza tu, maskini, lakini huyu alijua! Nimempasha mbele ya wateja. Unioe mbele ya kamera, bila posa, bila kuniuliza? Mimi saa, nimeletwa mezani kwako unifungue tu? Kaomba samahani, kaondoka. Hata hakucheka. Mchana nikakata kitambaa cha watu kombo.

Ijumaa, 22 Machi

Jawabu limekuja baada ya sala. Maalim kasema aliyeulizwa ni binti wa mchezo, na kimya kile kilikuwa cha mchezo. Rukia mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Basi ndoa haipo. Filamu iendelee, ila Ami asiguse tena.

Mama kasujudu. Ami kalia. Njoroge kapiga kelele hapo mlangoni utadhani kaposwa yeye.

Mimi nilidhani nitaruka. Sikuruka. Nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani.

Jumapili, 31 Machi

Mvua ya kweli! Njoroge kakusanya watu wote akatukimbiza Muthangari, anaimba njia nzima. Onyesho la mwisho: mvua inakatika na Binti Mvua habanduki. Anabaki. Na wallahi, katikati ya maneno yangu mvua ikakatika yenyewe, jua likatoka. "Msiache! Endelea!" Twalib akanishika kiwiko, kama anahakikisha bado nipo. Hilo halikuandikwa popote.

Alinuka karafuu. Hakunisemesha neno nje ya mchezo, kutwa nzima.

Nampenda. Haya, nimeandika.

Jumamosi, 13 Julai

Yarabi, watu! Foleni ilizunguka sinema mpaka mtaa wa nyuma. Mabuibui huku, akina mama wa Kangemi na vitambaa vyao vya kichwa kule. Mama yangu kiti cha mbele, kajifukiza udi. Kwenye mvua ya kwanza jamaa mmoja kapaza sauti, "Huo mpira unaonekana!" Unaonekana kweli. Ukumbi mzima ukamwambia anyamaze. Ami alipotokea na jasho lake walimshangilia kuliko sisi. Jina langu lilipotajwa, vigelegele, na hakuna aliyejali kuwa si la Binti Mvua. Mvua ilipokatika nami nikabaki, watu walisimama juu ya viti. Nililia makamasi.

Nje, katika msukumano, nikamvuta Twalib mkono wa shati. Nikamwambia, "Nyumbani kwetu unakujua. Anza mwanzo." Kichwa kinaniuma kwa furaha.

Jumapili, 21 Julai

Walikuja alasiri. Shangazi zake wawili na mzee mmoja, wamevaa vizuri. Yeye hakuja, ndivyo inavyotakiwa. Nilikaa chumbani, nikawasikia wakisifu kahawa.

Mama akaingia, akaketi kitandani, akaninyoosha ushungi. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Twalib bin Saidi anakuposa. Wasemaje, mwanangu?"

Tangu nizaliwe sijakosa jibu. Ndugu zangu wananiita redio. Nilitazama mkeka.

Mama alingoja. Kisha akainuka, akafunga mlango taratibu, akaenda kuwaambia.