Mdhamini Wangu Alikuwa Kwenye Pochi

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Nimezoea kuingoja ile marahaba yako uliyokuwa ukiitoa bila kuinua macho kwenye ungo wa mchele, lakini leo niruhusu niendelee bila hiyo, maana nina habari kubwa. Nimepata kazi. Mimi Tatu, mke wa mwanao, mwenye miaka thelathini na minane, ambaye sijawahi kuajiriwa hata siku moja! Nimeajiriwa kupika kwenye chuo kimoja huku Igogo, wanafunzi mia tatu. Naandika nimekaa, mara nasimama, mara nakaa tena. Baba Rahma ananitazama kama mgonjwa.

Uliondoka mwaka jana, kwa hiyo hujui kwamba lile lori alilokuwa akiendesha mwanao liliuzwa na tajiri wake, na tangu hapo anaamka na kukaa barazani. Mjukuu wako Rahma yuko kidato cha tatu. Nikaona nikitegemea baraza tutalala njaa. Nilizunguka mji huu mpaka kandambili zikaisha kisigino. Mabatini nilipita duka kwa duka, mjini nilipita mahotelini, na kila mlango swali ni lile lile: "Una uzoefu?" Nikisema sina, mazungumzo yanaishia hapo.

Hata kwenye fomu ya chuo, penye uzoefu wa kazi, niliandika "Hakuna". Niliandika kwa mkono huu huu uliokoroga pilau la watu mia nne pale Mirongo. Lakini, mama, nani alishawahi kuiita ile kazi? Msiba ukitokea unajifunga kanga, unabeba mwiko, unakwenda. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikuuliza kama wenye msiba watatupa chochote. Ulinitazama mpaka nikatamani kuingia ndani ya sufuria. "Mtu kafiwa, nawe unataka akulipe?" Sikuuliza tena.

Miaka kumi na saba nilipika nyuma yako. Unachota wali kidogo, unauweka kiganjani, unaonja, unageuza uso kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali, kisha unasema, "Ongeza chumvi." Kila mara. Unakumbuka ile harusi ya jirani, nilipokukomesha? Niliweka chumvi makusudi mpaka mimi mwenyewe ulimi ukaniwasha. Ukaonja, macho yakakutoka, ukasema, "Ongeza chumvi," halafu ukaomba maji. Wanawake wote walicheka mpaka wakakaa chini, na wewe ukacheka. Lakini "umepika vizuri" sikuwahi kuisikia kinywani mwako. Nilijua unanivumilia tu kwa ajili ya mwanao.

Siku ya msiba wako nilikuwa mfiwa, wakanikataza kusogelea jiko. Wakapika wengine, wali ukawa bokoboko. Wali wa msiba wako wewe! Nililia sana, watu wakanibembeleza wakidhani nalia kifo peke yake.

Sasa sikiliza nilichofanya. Fomu ilitaka mdhamini, mtu anayeijua kazi yangu. Nilifikiri usiku na mchana, nikaona aliyewahi kuniona nikipika, akasimama hadi mwisho, ni wewe tu. Nikaandika jina lako na namba yako. Kitochi chako ninacho, mama. Nakichaji, natembea nacho, kwa sababu hadi leo watu hukupigia wakiwa na shughuli, na mimi ndiye ninayewaambia kwamba hupo. Sikudhani chuo watapiga. Nilidhani ni kama zile fomu za shule, unajaza na hakuna anayesoma.

Matroni wa chuo ni mama wa kutoka Musoma, sauti nzito, hana masihara. Alisoma fomu yangu, akanitazama juu ya miwani. "Uzoefu huna, mdhamini unaye?" Kabla sijajibu akawa ameshabonyeza namba. Pochi yangu ikaanza kuita.

Unaujua mlio wako. Uliuweka juu kabisa kwa ajili ya masikio yako. Uliita ofisi nzima ikasikia, na mimi nimeganda, siwezi hata kufungua zipu.

"Mdhamini wako yuko kwenye pochi?"

"Amefariki, mama."

"Amefariki, na umemwandika?"

"Hakuna mwingine aliyewahi kuona kazi yangu."

Akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu. Hii laini ni yako. Watu wa kujidhamini wenyewe nimeshawaona wengi." Nilimpa. Nikaona kazi imekwenda na jina nimelichafua, langu na lako. Akachukua namba yangu kwenye fomu, akaibonyeza kwenye kitochi chako, aone imehifadhiwa kwa jina gani. Simu yangu ikaita mapajani. Lakini yeye alikuwa amekikodolea macho kioo cha simu yako.

"Imeandikwa 'Mpishi Wangu'," akasema. "Huyu ni nani?"

Nilimwonyesha simu yangu tu, jinsi inavyoita.

Alikata. Kisha akauliza, "Wewe na huyo marehemu mlikuwa mnapikia watu wangapi?"

"Mia nne. Shughuli ikiwa kubwa, mia sita."

"Na hapa umeandika hakuna." Akachukua kalamu, akalifuta lile neno langu kwa mstari mmoja. "Njoo Jumatatu."

Nilifika nyumbani nikamkalisha Rahma chini. Nilijua wewe huandiki, ni yeye aliyekuwa akikuwekea majina kwenye simu. Akainama. "Bibi ndiye aliniambia niandike hivyo. Akasema nikikwambia atanichapa." Miaka sita anaitunza siri hiyo! Nilikaa na kitochi chako mkononi mpaka chai ikapoa. Nimekukasirikia, nakwambia ukweli. Neno moja tu, mama, ungenipa nikiwa nakusikia. Halafu hasira ikaisha, nikakukumbuka mno.

Jana ndiyo nimeanza. Jiko lao ni la gesi. Nikauliza makaa ya kupalia juu ya kifuniko yako wapi, wapishi wenzangu wakacheka, nikafunika na sinia zito nikamwomba Mungu. Wali ukaiva punje kwa punje. Nikachota kidogo, nikauweka kiganjani, nikaonja. Chumvi ilikuwa imetosha. Nikageuka nyuma, nikangoja.

Nikaongeza chumvi.

Pumzika, mama. Simu yako sitaizima.

Ni mimi, mpishi wako,
Mama Rahma