Kwa Zuhura, Kila Kitu Makusudi

Kariakoo, Jumatano, Aprili 1956

Mvua haijakatika tangu alfajiri, ua wote ni tope, na mimi nimechoka mpaka kwenye kucha.

Nilidhani ukurasa huu ningeujaza habari za Salumu. Leo siku ya arobaini na moja tangu anioe, na bado akitoka asubuhi kwenda kwenye ukarani wake wa kivukoni, Magogoni, nasimama mlangoni kumtazama mpaka kofia yake ipotee penye kona. Jana kaniletea asumini ndani ya leso. Asumini, kwa mvua hii! Nina bahati gani mimi?

Lakini asumini zingoje. Leo ni Zuhura.

Zuhura ni binti yake Salumu, ana miaka sita. Mama yake alifariki, akalelewa na shangazi yake huko Magomeni, na tulipooana akarudishwa kwa baba yake. Nilimpenda kabla sijamwona. Nilimshonea gauni la maua kwa mkono wangu. Alipolivaa akaniuliza kwa nini nimelibana shingoni, nataka limnyonge?

Ndivyo alivyo. Nikimchana nywele, namuumiza makusudi. Sukari ikipungua kwenye uji, nimemnyima. Mwenzake akimkanyaga kwenye foleni ya bomba, hakuteleza, kamchokoza. Juzi alimng'ata mtoto wa watu begani, na aliyekuja kufokewa ni mimi.

Asubuhi hii nilikuwa napita ukumbini na sufuria, nikateleza, nikampiga kikumbo, uji wake ukamwagika. Alipiga ukelele uliofika vyumba vyote sita: "Kanimwagia makusudi! Mama mdogo kanimwagia makusudi!"

Milango ikafunguka. "Ehee, bibi harusi," akasema jirani wa chumba cha mbele, "umeshaanza mapema hivi?" Wenzake wakacheka.

Mama wa kambo. Hawakulitamka, lakini nililisikia.

Nikapandwa na hasira. Nikachana karatasi kwenye daftari hili hili, nikamwandikia wifi yangu wa Magomeni: njoo Ijumaa umchukue Zuhura, mimi nimeshindwa. Nikampa muuza maziwa aipeleke. Salumu, anayemwita mtoto huyu "macho yangu", sikumwambia.

Nilipopoa kidogo nilikaa na Zuhura barazani. Nikamuuliza kwa upole, mimi nimemkosea nini hata aone namtakia ubaya kila saa?

Akanitazama kama karani anavyotazama tikiti ya jana.

"Ratili thelathini na nane," akasema.

"Nini hiyo?"

"Mimi. Siku ya harusi Bi Kabula alinipima. Na wewe ulicheka."

Mungu wangu, nilicheka.

Bi Kabula ni Mnyamwezi, anauza maandazi kwenye baraza letu, na Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo, watu wa Salumu. Siku ya harusi watani walifanya yao. Waliazima mizani ya muuza viazi, wakamning'iniza Zuhura, Bi Kabula akanadi: "Bwana harusi kapata mpya, huyu wa zamani tunamuuza! Ratili thelathini na nane! Nani anatoa mbuzi?" Watu wazima na ndevu zao wakabishania bei. Mmoja akampapasa mbavu, akasema hana nyama. Nami nimekaa mkekani na hina yangu, nikacheka mpaka wanja ukanichirizika.

Sisi tulijua ni utani, na utani haukasirikiwi, ndiyo ada. Lakini nani alimweleza Zuhura, aliyeletwa jana yake tu kwenye nyumba asiyoijua?

Hakuna. Hata mimi niliyesoma mpaka sekondari, hata baba yake.

Nilimwendea Bi Kabula pale pale. "Mke wetu," akaniambia huku akigeuza maandazi, "shule ndiyo imekufundisha kununa?" Nikamweleza. Akaepua karai motoni. Kisha akamwita Zuhura, akampa andazi la moto.

Zuhura akalinusa kwanza.

Nilimwambia ulikuwa mzaha, na kwamba nilifanya vibaya kucheka. Hakulia wala hakunikumbatia. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mtaniuza lini?" Nikaapa kwamba hauzwi, hatoki kwenye nyumba hii. Nilikuwa naapa hivyo na barua yangu pengine imeshavuka bonde la Jangwani.

Ijumaa wifi atatokea na kikapu chake kukusanya nguo za mtoto. Zuhura atasema, nilijua. Na atakuwa amejua kweli! Siku zote hizi ninamlaumu kwa kuniwazia mabaya, na leo nimeketi nikamtendea lile lile aliloliwaza. Najichukia.

Salumu akirudi jioni namwambia yote kabla hajavua viatu. Akasirike akitaka, ana haki. Kesho asubuhi naenda Magomeni kwa miguu, hata bonde likijaa maji, nikaitake barua yangu.

Tatizo ni Zuhura. Nikienda naye, ataona napeleka mzigo sokoni. Nikimwacha, ataona nimekwenda kutafuta mnunuzi.

Basi nitamwambia kwanza habari ya barua, neno kwa neno, na kwamba niliiandika kwa hasira na ninakwenda kuifuta. Halafu nitamnyooshea mkono pale mlangoni na kungoja. Akiushika, twende. Asipoushika, nitakwenda peke yangu, nirudi mbio, nimwonyeshe karatasi ikiwa imechanika.