Mduara wa Mikonge

Jumatatu, 7 Septemba

Maboksi mengine leo. Vumbi, mavi ya panya, chafya. Ofisi moja hapa mjini Wote imeniajiri kwa muda nipange karatasi za kampuni ya wageni iliyochimba dhahabu na fedha huku kwetu, kabla mama hajazaliwa. Walipata kidogo, wakalalamika sana. Kutwa nimesoma ripoti za punda waliokufa. Chai ya ofisi ni maji ya moto tu.

Jumatano, 9 Septemba

Ripoti ya kufunga machimbo. Mashimo hayakujazwa. Yalifunikwa magogo, udongo ukamwagwa juu, mikonge ikapandwa kuzunguka ili ng'ombe wasipite. Ramani ipo. Mto mkavu, mwamba wenye ufa, mduara. Mwamba huo naujua. Uko kwetu, Kathonzweni. Nimeanika nguo juu yake.

Mduara pia naujua. Sote husema ni boma la zamani. Kwetu ukiona mikonge imezunguka uwanja, unajua ng'ombe walilala hapo na udongo ni laini kwa samadi. Ndiyo sababu mwethya wa mama, akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu, wamechagua hapo kuchimba silanga, bwawa la kukinga maji ya mvua. Wanaanza Jumamosi.

Magogo yale yameshaoza. Wakipiga jembe, watatumbukia.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimempigia mama. Akasema atawaambia wenzake. Bosi anasema ramani kuukuu si ushahidi, ataandika barua kwanza. Ijibiwe lini? Mpumbavu kabisa.

Ijumaa, 11 Septemba

Mama aliwaambia. Walicheka, halafu wakakasirika. Sasa kijiji kizima kinasema nimeona kwenye karatasi za wazungu dhahabu iko wapi, nataka kuwafukuza nichimbe na wenzangu wa Wote. Anayeeneza ni Mama Kioko, mwenyekiti wao. Huyo huyo aliyenibeba mgongoni. Inauma. Naenda nyumbani leo leo.

Jumamosi, 12 Septemba

Walikuja wote, na majembe, na nyimbo. Niliwaonyesha picha ya ramani kwenye simu. Hakuna aliyetazama. Mama Kioko akainua jembe. Nikaenda nikakaa pale pale alipotaka kupiga. Ndipo nilipokumbuka kilichoko chini yangu.

"Toka hapo!" Mama Kioko akafoka. "Umeona dhahabu kwa hizo makaratasi, sasa unatunyima maji?"

Wakanitungia wimbo hapo hapo, jina langu ndani, na la marehemu baba. Jua likawa kali. Sikutoka. Kisha mama akaweka jembe lake chini, akaja akakaa kando yangu. Nikamsihi atoke. Akakataa. Uzito wa watu wawili sasa! Nilitaka kumpiga.

Waliondoka mmoja mmoja, wakitema mate.

Jumapili, 20 Septemba

Wanachimba kwingine, penye mawe, wakitulaani kwa kila pigo. Kanisani benchi letu lilikuwa letu peke yetu. Mwethya umemfukuza mama. Hakuna atakayemlimia. Tukifiwa, sijui nani atakuja kutupikia.

Hakuna aliyekufa, kwa hiyo sina ushahidi. Nina hasira na mduara wenyewe. Ungeporomoka kidogo tu, usiku, bila mtu! Mungu anisamehe, lakini ndivyo ninavyoomba.

Jumamosi, 17 Oktoba

Mawingu upande wa Mbooni. Nimekuja tuchimbe mitaro ya fanya juu, ile ya kurusha udongo upande wa juu, kabla ya mvua. Mwethya ungeimaliza asubuhi moja. Sisi wawili bado tuko mtaro wa kwanza. Viganja vyangu vimejaa malengelenge. Mama Kioko alipita na mbuzi wake, hakusalimia.

Mama aliniuliza kama nina uhakika kuna shimo pale. Nikamwambia karatasi zinasema hivyo, macho yangu hayajaona.

Aliegemea jembe kidogo. Kisha akasema ofisi imeniharibu, narusha udongo upande wa chini, mvua itaubeba wote. Akanionyesha tena. Tukaendelea kuchimba.