Kisanduku Kilicho Juu ya Kabati

Majengo, Mombasa
Jumapili mchana

Mama yangu,

Nakuamkia, na naomba barua hii ikukute umekaa, maana nalijua goti lako na najua hulipumzishi mpaka likuangushe. Ile dawa ya kuchua niliyotuma ilikufaa? Kikohozi cha Baba kimemwachia? Na migomba ya bondeni inapata maji, au jirani bado ameuziba mfereji? Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine ndiyo yaliyonikalisha niandike.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yenu haina siri. Ukipokea wewe, Baba anakwambia uweke sauti kubwa, na akishasikia Baba, kilima kizima kimesikia. Barua nitaifunga ndani ya kanga na kumkabidhi karani wa basi la Wundanyi. Kanga yenyewe nimeinunua Biashara Street. Kwanza nilishika ile iliyoandikwa Kikulacho ki nguoni mwako, nikaizungusha mikononi, nikairudisha. Niliona kwamba kakako akija huko tena na kukaa nyuma yako kanisani, ataisoma mgongoni mwako ibada nzima. Nimekuchukulia iliyoandikwa Wema hauozi. Sijui kama ni kweli, lakini rangi yake itakupendeza.

Jumapili iliyopita uliniambia mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza, kwamba Mjomba Mwakio amekuja kuwatembelea na hakuja mikono mitupu, amekuletea kisanduku cheupe chenye masikio mawili, kitu cha intaneti, nawe umekiweka juu ya kabati karibu na picha ya Babu na kukifunika kitambaa ulichokifuma mwenyewe, hadi apatikane wa kukiunganisha. Nilikusikia ulivyofurahi. La pili, kwamba aliketi sebuleni akawaeleza wote jinsi nilivyomwaibisha chuoni, na kwamba mwezi wa Desemba nije na mbuzi, nipige magoti mbele ya ukoo, naye atanisamehe. Ukaniambia, mwanangu, kubali tu yaishe. Nikajibu, nimesikia, Mama. Ulidhani nimekubali. Nilikuwa nimesikia tu.

Sasa nisikilize mimi, maana huko nyumbani mmesikia upande mmoja.

Unajua kazi yangu hukuielewa kamwe, na sikulaumu. Ulikuwa ukiwaambia wenzako kanisani kwamba Wakesho anafundisha kompyuta. Mimi nilikuwa mtunzaji wa maabara. Chuo chetu kiko ghorofa ya pili, hapa kisiwani, si mbali na maduka ya vitambaa, na maabara ndiyo chumba chenye feni mbili na nyaya kama utumbo wa ng'ombe. Nyaya zote zinaingia kwenye sanduku moja kubwa linaloitwa swichi. Juu ya swichi kuna ruta, ambayo ndiyo mlango wa kutokea nje. Na ndani ya ruta kuna kazi moja inaitwa DHCP, ambayo nitakueleza kwa dispensari yako.

Ukienda dispensari asubuhi, yuko yule mama wa mlangoni anayegawa vibao vya namba. Bila kibao daktari hakuiti. Kompyuta nazo ni hivyo hivyo. Ikiwashwa tu inauliza, nani atanipa namba? Na DHCP inajibu, shika hii, na ukitaka kutoka, pitia mlango huu. Sasa fikiria aje mtu mwingine, akae upande wa pili wa mlango na vibao vyake mwenyewe, agawe naye. Kompyuta haijui kumkagua mtu uso. Anayeijibu kwanza ndiye inayemwamini. Mwenye kibao cha yule wa pili atakaa kwenye benchi mpaka jua lizame, na daktari yuko ndani.

Ndiyo maana tunagawanya. Swichi ni moja lakini unaweza kuipasua vyumba ndani yake, tunaviita VLAN, kama nyumba hii ninayopanga, ukumbi mmoja katikati na vyumba sita, kila mtu na kufuli lake. Kelele za chumba kimoja haziingii kingine. Mimi nilikuwa nimeyafanya hayo. Maabara chumba chake, ofisi za walimu chumba chao. Mjomba, ambaye ni mkuu wa idara, akaja akasema hawezi tena kuchapisha kwenye printa ya maabara akiwa ofisini kwake. Nikamwambia anipe siku moja nitamfungulia njia salama. Akasema hana siku moja, nirudishe waya wake ulipokuwa. Nikaurudisha. Hilo ndilo kosa langu, Mama, na ukitaka mbuzi wa hilo nitamleta, lakini si kwa Mjomba.

Siku ya mtihani wa vitendo walikuja watahini wawili kutoka nje. Watahiniwa walikuwa kumi na wanne. Mmoja wao ni Swaleh, baba wa watoto wawili, mpakiaji wa mizigo bandarini, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akitoka kazini na jasho lake akaja kukaa maabara. Aliahidiwa nafasi katika ofisi ya kompyuta ya pale pale bandarini, ila awe na cheti. Kila tundu la swichi nililiangalia asubuhi ile mara mbili. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka saa nne.

Saa nne Mjomba akataka watahini wapate intaneti kwenye simu zao wakinywa chai ofisini kwake. Hakuniambia. Alikuwa amekuja na kisanduku chake kutoka nyumbani, cheupe, chenye masikio mawili, akakichomeka kwenye tundu la ukutani. Na tundu lile, kwa amri yake mwenyewe, lilikuwa ndani ya chumba cha maabara. Kisanduku kikaanza kugawa namba, maana ndivyo kilivyoundwa, hakina ubaya. Kompyuta zilizowashwa mapema zikaendelea vizuri. Zilizozimwa na kuwashwa tena zikachukua vibao vya tapeli. Watu wakaanza kunyoosha mikono. Mwalimu, haifunguki. Mwalimu, ruta haiitiki. Swaleh akafuta kazi yake yote akaianza upya akidhani kakosea yeye.

Nilijua ni nini ndani ya dakika chache. Kujua kinatokea wapi ndiko kulikonichelewesha. Kila kifaa cha namna hii, Mama, hutoka kiwandani na namba yake ya kuzaliwa, haigawiwi na mtu, na hakuna viwili vyenye namba moja. Nikaisoma namba ya huyo mgawaji, nikaiuliza swichi, huyu anaingilia tundu gani? Ikanijibu kumi na tisa. Kumi na tisa ni ofisi ya mjomba wangu. Nikaenda, watahini walikuwa wamesharudi maabara, nikakikuta nyuma ya pazia kando ya chupa ya chai, taa zake zikimetameta. Nikauchomoa waya. Lakini muda ulikuwa umekwisha, na kalamu za watahini hazirudi nyuma. Kati ya kumi na wanne walianguka tisa.

Kule maabara tuna desturi, na niliianzisha mimi. Hitilafu yoyote inaandikwa daftarini, saa ngapi, tundu gani, namba ya kifaa, sababu, na sahihi. Nikakaa nikaandika yote. Sikuandika jina la Mjomba, niliandika tu tundu la kumi na tisa na namba ya kifaa. Wino haujakauka akaingia. Akafunga mlango. Sikuwahi kumwona anafunga mlango ule.

Akaniambia, "Wakesho, mimi ndiye niliyekuleta hapa. Nipe hilo daftari, nitazungumza mimi na mkuu wa chuo."

Mama, nilimpa. Nilimpa kwa mikono miwili, nikiinamisha kichwa, kama ulivyonifunza kumpa mtu mzima kitu. Nalikumbuka hilo kila siku na linanichoma. Ningempa kwa mkono mmoja angalau leo ningekuwa na kidogo cha kujivunia.

Siku tatu baadaye tukaitwa mbele ya kamati. Mkuu wa chuo akaniuliza kwa upole, daftari la maabara liko wapi? Nikamtazama Mjomba, nikingoja alitoe mkobani. Yeye akawa anafuta miwani. Kisha akasema, kwa sauti ile anayosomea Biblia, "Huyu ni mtoto wa dada yangu, inaniuma. Lakini siku hiyo hakuandika chochote. Mimi sikuona daftari." Wakaniuliza kama nina la kusema.

Nilikuwa nalo. Lilikuwa hapa mdomoni. Lakini nilikuona wewe, Mama, ukiniambia tangu mdogo kwamba mjomba ni mama wa pili, na mtoto hamvui mjomba nguo mbele za watu. Nikasema sina. Wakaandika uzembe. Mjomba ndiye aliyepewa karatasi ya kunifukuza aitie sahihi, kwa kuwa ni mkuu wa idara, naye akaitia, na kalamu akaazima kwangu.

Nimeyameza haya miezi miwili. Aliyegundua ni mwenye nyumba wangu, Bi Zuhura, mzee wa hapa hapa Majengo, aliyenikuta nimekaa kibarazani na sahani ya wali imepoa. Akanitazama machoni, akaniuliza, "Mwanangu, mato yako yana nini?" Nikamweleza. Hakunihurumia. Akasema, "Heshima si kumeza moto. Moto ukiumeza wachoma tumbo lako, si la mtu." Kisha akanirudishia sahani nile. Namshukuru, maana ndiye mtu wa kwanza aliyenisikiliza bila kuniambia nipige magoti.

Kazi nimepata, usihangaike. Mfanyabiashara mmoja wa Ndia Kuu, muuzaji wa vinyago na makasha, ana nyumba ya wageni juu ya duka, na mimi ndiye ninayemvutia nyaya na kumtengea mtandao wa wageni na wa duka. Napanda ngazi na nyundo. Kuta za kule ni mawe ya matumbawe, ukitoboa unga wake unakujaa puani. Nafanya kazi vizuri kama nilivyoifanya siku zote, na hapa hakuna anayeniita mtoto wa dada yake.

Ila juzi nikiwa pale mlangoni alipita Swaleh. Nilitaka kujificha ndani. Akanisalimia kwa adabu, akauliza hali yako pia, ijapokuwa hakujui. Ile nafasi bandarini amepewa mtu mwingine. Mtihani ataurudia mwakani, akiweza. Akaniambia, "Mwalimu, mimi lile swali sikukosea. Wewe wajua sikukosea." Nikasema najua. Akangoja. Alikuwa anangoja niseme kwa nini basi nilinyamaza, na mimi nikatazama mikono yangu yenye unga wa matumbawe mpaka akaaga. Mama, kunyamaza kwangu nilidhani nailipia mwenyewe. Kumbe nilimlipisha mtu ambaye si ukoo wetu, hana mbuzi wala magoti katika jambo hili.

Kwa hiyo Desemba sitakuja na mbuzi. Hasira mna haki nazo, na Baba atasema mji umeniharibu. Nimechoka kuharibiwa na watu halafu mji ndio ulaumiwe. Nimemwandikia mkuu wa chuo. Nimemtajia tundu la kumi na tisa, nimemtajia Swaleh na wenzake wanane, wapewe mtihani upya. Najua hataniamini bila daftari, na daftari nadhani lilishatumika kuwashia mkaa. Hata hivyo nimeandika, na sahihi nimetia.

Wewe ndiye ninayetaka uniamini, na kwako sihitaji daftari. Baba akienda shambani na nyumba ikiwa kimya, chukua miwani yako. Ondoa kitambaa chako juu ya kabati. Kishike hicho kisanduku, hakikuumi wala hakina umeme. Kigeuze juu chini. Tumboni mwake kuna kibandiko cheupe chenye maandishi madogo. Tafuta mstari wa namba na herufi zilizogawanywa mbili mbili, hiyo ndiyo ile namba ya kuzaliwa, kisha soma jozi nne za mwisho, polepole, kama unavyosoma namba ya wimbo ubaoni kanisani.

Mimi nilizisoma mara moja, siku ya mtihani, na tangu hapo sijaweza kuzisahau. Ni hizi:

4E 7C 19 B2

Zikiwa tofauti na hizo, mimi ni mwongo, na nitakuja na mbuzi wawili. Zikiwa ndizo, usinipigie simu na usimwambie mtu. Funika tu kitambaa, na Desemba watakapouliza Wakesho yuko wapi, usiwajibu kwa niaba yangu.

Nisalimie Baba, mwambie vidonge asivivunje nusu nusu. Nisalimie Bibi, na umshike mkono badala yangu. Mdogo wangu Mghoi mwambie asichague masomo ya kompyuta kwa kunifuata mimi, achague kwa kupenda mwenyewe. Shangazi Mkamburi mpe pole ya ng'ombe wake. Na Mjomba Mwakio nisalimie pia, maana ndivyo ulivyonilea.

Lakini kwanza soma kibandiko, ndipo umsalimie.

Ni mimi mwanao uliyemfunza mikono miwili,
Wakesho