Mbuzi Mlangoni Kwako

Maluki,

Githeri iko kwa sufuria, pasha tu. Mvua ikianza, anua nguo.

Kabla hujakasirika: asubuhi ukiwa umelala nimefungua gemu yako ya kijiji. Umepanda maua kila mahali ili wanakijiji wasijenge karibu na wewe. Nimeng'oa yale ya mbele ya mlango wako. Yule mwanakijiji mgeni, mbuzi anayeimba usiku kucha, akaona nafasi, akajenga hapo hapo. ~~Pole.~~ Hapana, si pole. Nyumba yangu humo kwenye gemu uliiweka mwisho kabisa, nyuma ya mawe, ukamwambia Mama, "Mbula hupiga kelele sana."

Nikirudi kutoka Ruiru jioni, nikute nimehamishiwa karibu na mto. Halafu nitakuonyesha vile mbuzi huhamishwa.

Dadako Mbula