Baba Mkwe Ameondoka kwa Sababu ya Ile Kinga Yako

Ibighi, Tukuyu

Mdogo wangu Elibariki,

Nakusalimu kwa kuwa tumelelewa hivyo, si kwamba nina hamu ya kujua hali yako. Mama hajambo? Mguu wake unaendeleaje? Hayo ndiyo ninayotaka kuyajua. Huku watoto ni wazima, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nguo.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanikata nikianza tu kusema. Barua hii nimempa mwalimu mwenzangu anayekuja likizo huko Singida, na nimemwomba amkabidhi mama, siyo wewe. Mama atakaa hapo mpaka uimalize.

Baba mkwe ameondoka nyumbani kwetu. Amerudi Lupepo, kwenye nyumba ambayo tangu mkewe afariki hakuna wa kumwashia moto, na kifua chake unakijua. Ameondoka kwa sababu ya ile programu uliyotuwekea kwenye kompyuta ulipokuja kututembelea. Usiniambie tena kwamba ni bahati mbaya.

Hakuna aliyekuomba uiguse hiyo kompyuta. Ilikuwa pale sebuleni, haina neno na mtu. Mzee akishakunywa chai, shemeji yako alikuwa anamfungulia picha za marehemu mama mkwe, naye anazitazama moja moja kwa kubonyeza kipanya. Wewe ukaona tangazo linalosema mashine ina virusi, ukaliamini, ukapakua kinga ya bure yenye ngao ya kijani, halafu ukajisifu mezani kwamba umetuokoa. Ulipoondoka tu ngao ikawa nyekundu. Ikaanza kulia king'ora na kutangaza virusi, leo vingi kuliko jana, na kututaka tulipie ndipo ivisafishe. Nilipokupigia ukasema tulipe tu. Nilipokuambia mwalimu wetu wa TEHAMA amesema hiyo kinga yenyewe ndiyo tapeli, ukacheka, ukaandika kwenye kundi la ukoo kwamba dada ni mshamba na Tukuyu imemzidishia. Nilisoma, Elibariki. Nilisoma na wanaukoo wote walivyocheka.

Yule mwalimu akanielekeza jinsi ya kuiondoa: nichomoe modemu ya intaneti, nizime, niwashe kwa ile njia ambayo mashine inaamka na vitu vyake vya lazima tu, kisha niifute na mabaki yake yote. Akanionya kwamba ikiuliza kama isafishe mafaili, mtu asikubali, kwa sababu kinga nyingine za namna hiyo huwa zinafuta kweli. Na picha za mama mkwe zilikuwa humo tu. Simu iliyozipiga ilishakufa.

Sasa kuna jambo uliliona hapa ukalifanyia mzaha. Mimi ni mkamwana wa mtu wa zamani. Mwiko wa mkamwana na baba mkwe wengi hapa mjini wameuacha, yeye hajauacha, nami nilipoolewa nilikubali. Siingii alipo, simsemeshi, jina lake silitamki na hapa siliandiki. Chakula nakiweka kwenye meza ndogo nje ya pazia, nakohoa, naondoka. Nikiwa na neno, linapita kwa shemeji yako. Ndivyo tunavyoheshimiana, na tumeishi vizuri miaka yote hiyo.

Jumamosi hiyo shemeji yako alikuwa Kisiba kwenye msiba, watoto wameenda kwaya. Nikangoja mzee aende kwenye migomba yake ili niingie sebuleni nifanye kazi. Mvua ikamzuia. Nikiwa jikoni nikasikia king'ora. Nikachungulia penye pazia, nikaona skrini yote nyekundu, swali lile la kusafisha mafaili limetokea, na mzee, anayetaka kelele zikome tu, ameshashika kipanya. Nikakohoa. Akageuka, akatazama penye meza, hakuona chakula, akarudi kwenye kipanya. Nikakohoa tena kama mgonjwa wa kulazwa. Safari hii hakugeuka.

Nikaingia. Nikasema, "Baba, usibonyeze. Utamfuta mama."

Akaachia kipanya kama kaa la moto. Akajifunika uso kwa koti, akapita ubavuni mwangu, akatoka na mvua ile. Nikafanya nilivyoelekezwa huku nalia, na takataka yako ikatoka yote. Shemeji yako aliporudi, baba yake alishapanda bodaboda kwenda Lupepo.

Tangu hapo mimi ndiye mbaya. Shangazi yake shemeji yako alikuja mpaka mlangoni kuniuliza kama kwetu hatufundwi. Aliyepaswa kumjibu yuko Singida anakula na kulala. Nakuchukia kwa siku ile, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Jana shemeji yako amerudi kutoka kumbembeleza mzee. Mzee amegoma kurudi. Ametuma maneno haya tu: "Mwambie mkamwana, ndaga. Amemwokoa mwenzangu, kosa si lake. Lakini humo ndani siingii mpaka yule kijana aliyeleta kelele aje aseme mwenyewe." Ndaga ndiyo asante ya hapa. Miaka yote niliyokaa kwenye ukoo huu, hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu, na nimelipata akiwa ameshaondoka.

Kwa hiyo panda basi. Usitume hela, usitume ujumbe, na usimtume mama akuombee radhi. Lupepo ni baridi, na kila siku unayojizungusha huko, mzee anachanja kuni peke yake.

Msalimie mama, mwambie nimeacha kulia. Msalimie baba mdogo, na watoto wake wote. Shangazi Mariamu, anayekutetea kwa kila ujinga, naye msalimie, ila mwambie safari hii anyamaze.

Picha zote zipo, hata moja haikupotea. Sijazifungua. Sebule iko tupu, na mzee mwenye mke hayupo.

Ni mimi dada yako, yule mshamba,
Naomi